Aliyechelewa

Alhamisi, saa moja jioni, maktaba ya Wisbech,
bomba la joto linagonga kama mgeni aliyesahauliwa nje.
Wanaingia na baridi mabegani,
vidole bado vinanuka kabichi
waliyoifunga tangu alfajiri ghalani.
Mimi ni msahihishaji wa gazeti, mstaafu;
miaka thelathini na moja nimefukuza mikato isiyo na kazi.
Nawamiminia chai. Nasema: ulizeni.

Domingas anaanza.
Kwa nini teksi tunaingia ndani yake
ila basi Waingereza mnasema tuko juu yake,
hali tumeketi humo humo
na mvua inapiga paa, si vichwa vyetu?
Ni desturi, nasema.
Nalisema mno neno hilo.
Ni zulia langu; nimefagilia mengi chini yake.

Xhevdet hana haraka. Anakunja kwanza mikono ya sweta.
Jirani alimwambia: Lazima mje kwetu siku moja.
Lazima, mwalimu. Wewe ulitufundisha lazima ni amri.
Basi Jumapili wakaenda,
keki mkononi, watoto wamechanwa nywele,
na jirani akasimama mlangoni na soksi zake,
akitabasamu kama mtu anayepapasa mfuko akitafuta funguo.
Keki waliila garini.
Ilikuwa ya jozi na asali.
Nimwambie nini? Kwamba lazima ile ni pumzi tu,
na siku moja haimo katika kalenda yoyote?
Nilimwambia. Akaandika.
Akapiga mstari chini, kwa rula.

Danguole naye ana karani wa zahanati.
Kila akipiga simu: Naogopa daktari hana nafasi.
Kila wiki anaogopa, masikini.
Juzi Danguole akaenda mwenyewe kumtazama:
mikono haitetemeki, anamung'unya peremende.
Nani anamtisha huyu?
Tukacheka, hata bomba likanyamaza kidogo.

Na katika kicheko nikateleza.
Nikasema Beryl, mke wangu, naye alikuwa hivyo hivyo,
akiogopa kila kitu kwa adabu;
nikatanguliza mbele ya jina lake
lile neno dogo tunalowapa treni na wafu.

Danguole akageuka kutazama mlango.
Amechelewa? Anakuja na basi lipi?
Akaondoa mkoba wake kwenye kiti cha jirani,
akaushusha sakafuni,
akasogeza sahani ya biskuti upande ule.

Nikafungua kinywa niseme desturi.
Haikutoka.
Nasikia zipo lugha ambazo mtu huyo
huitwa aliyerehemiwa.
Yetu inamwita kama tunavyomwita
mtoto aliyekosa kengele ya asubuhi.
Miaka minne nimeliandika neno hilo kwenye fomu,
benki, kampuni ya gesi, watu wa maji,
na jicho langu, lililonasa kila herufi iliyopotea
katika matangazo ya mnada wa ng'ombe,
halikuona kitu.

Domingas alielewa kwanza. Akamnong'oneza.
Danguole akashika shavu,
kisha akanipa lile neno letu jingine,
lile moja tulilo nalo kwa samahani na kwa pole.
Sikujua ananipa lipi.
Nikapokea yote mawili.

Mkoba hakuurudisha.
Tukaendelea na vitenzi vya wakati uliopita,
vile visivyofuata kanuni, kurasa mbili,
na Xhevdet akakosea vitatu, nami nikaviacha.

Saa mbili na nusu nikapanda basi.
Juu yake. Ndani yake.
Kofia yangu nikaiweka kwenye kiti cha dirishani,
na tulipofika kituo cha hospitali
nikaiondoa.